Kutoka Kiti cha Pembeni: Namna Waimbaji wa Kiume Walivyozirithi Bendi Kubwa za Marekani

Ukibahatika kuishika santuri ya Marekani ya mwaka 1937, zile sahani nzito zinazozunguka mara 78 kwa dakika, tazama kile kikaratasi cha duara kilichobandikwa katikati. Jina lenye herufi kubwa ni la kiongozi wa bendi: Tommy Dorsey na okestra yake, Benny Goodman na okestra yake. Linafuata jina la wimbo. Chini kabisa, kwa herufi za kukodolea macho, utakuta maneno yenye maana ya "kiitikio kimeimbwa na fulani". Huyo fulani ndiye ninayetaka kumzungumzia. Miaka 10 baadaye jina lake ndilo lililokuwa juu, na bendi ama imeshuka chini yake, ama imekufa.

Hapo ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Mtu akitajiwa Frank Sinatra, Bing Crosby, Perry Como, Nat King Cole au Tony Bennett, kisha akasikia tarumbeta na saksafoni nyuma yao, husema huo ni muziki wa enzi ya bendi kubwa. Ana nusu ya ukweli. Enzi ya bendi na enzi ya waimbaji ni zama mbili zilizopokezana, na waliopokonywa kijiti hawakukitoa kwa hiari. Ukitaka kuelewa kilichotokea itakubidi uangalie mambo ambayo kwa haraka hayaonekani kuwa ya muziki: maikrofoni, mgomo wa wafanyakazi, kodi ya serikali, hata matairi ya basi.

Kiti mbele ya bendi

Bendi kubwa ilikuwa na wanamuziki kama 15 hadi 18: saksafoni nne au tano, tarumbeta tatu au nne, trombone tatu, kisha piano, gitaa, besi na ngoma. Kazi yake ilikuwa kuchezesha watu. Tangu Benny Goodman alipowasha moto katika ukumbi wa Palomar, Los Angeles, Agosti 21, 1935, vijana wa Marekani waliyakariri majina ya wapiga tarumbeta na wapiga ngoma kama vijana wa leo wanavyokariri majina ya washambuliaji wa timu zao. Mwimbaji aliajiriwa kwa mshahara kama wengine. Alisafiri nao usiku kucha katika basi lilelile, mji hadi mji, na jukwaani akawekewa kiti mbele, pembeni kidogo. Alikaa hapo, mikono mapajani, tabasamu usoni, mpaka zamu yake ifike.

Sikiliza "Marie", wimbo wa Irving Berlin ambao Dorsey aliurekodi mwaka 1937. Mwanzoni inaongoza trombone ya Dorsey, laini kama hariri, ikiubeba wimbo bila neno hata moja. Ndipo anapoingia Jack Leonard. Anaimba kwa utulivu, huku wenzake wa bendi wakimjibu kwa mzaha, kwa pamoja, kati ya mstari na mstari. Akishamaliza fungu lake, kazi yake imekwisha. Tarumbeta ya Bunny Berigan inapasua anga, na ni hiyo tarumbeta ambayo wapenzi wa muziki huo wanaikumbuka hadi leo. Leonard amepita katikati ya wimbo kama mgeni anayekatiza sebuleni akielekea uani.

Kuna jambo lingine ambalo halisomeki kwenye kikaratasi. Kasi ya wimbo iliamuliwa na miguu ya wachezaji dansi. Wimbo wa mtu aliyeachwa na mpenzi wake uliimbwa kwa mwendo uleule unaowafaa watu waliokumbatiana wakizunguka ukumbini. Mwimbaji hakuwa na ruhusa ya kusita, kuvuta neno, wala kunyamaza nusu sekunde ili maana izame. Akisita yeye, watu 500 wanakosea hatua.

Maiki ilikuwa sikio

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya katikati ya miaka ya 1920, mwimbaji wa kiume wa jukwaani alikuwa mtu wa kifua. Al Jolson aliimba kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto, kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kuifikisha sauti kwa waliokaa nyuma. Studioni mambo yalikuwa yaleyale: uliimbia ndani ya pembe kubwa, na nguvu ya sauti yako ndiyo iliyoisukuma sindano ichore kwenye nta. Rudy Vallée, ambaye sauti yake haikuwa na ubavu huo, alilazimika kupanda jukwaani na megafoni mkononi.

Mwaka 1925 kampuni za santuri zikaanza kurekodi kwa umeme, na redio nazo zikaenea majumbani. Bing Crosby, kijana wa Tacoma, jimbo la Washington, aliyezaliwa 1903, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuelewa maana yake. Wengine waliiona maikrofoni kama chombo cha kuikuza sauti. Yeye aliitumia kama sikio la mtu. Ukiwa karibu na sikio la mtu hupayuki, unasema naye. Maiki za utepe zilizoingia studioni miaka ya 1930 zilikuwa na tabia moja iliyomfaa sana: kadiri unavyozisogelea, ndivyo zinavyoikuza zaidi ile sehemu nzito ya sauti. Sauti ya chini ya mwanamume, ambayo kwenye ukumbi usio na maiki ingepotelea safu ya tatu, sasa ilisikika kana kwamba mwenyewe ameegemea mlango wa chumba chako. Crosby alipopata kipindi chake cha redio ya CBS mwaka 1931, taifa zima lilianza kuizoea sauti ya namna hiyo.

Waimbaji hao wakaitwa kruna, kutokana na neno la Kiingereza la kuimba kwa sauti ya chini, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Si wote waliofurahi. Januari 1932 Kadinali William O'Connell wa Boston aliwashutumu hadharani, akiuona uimbaji wao ni wa aibu na unaopotosha. Kwa maoni yangu aliyasikia mabadiliko yale vizuri kuliko wengi waliomcheka. Mwanaume asiyejulikana na mtu yeyote ndani ya nyumba alikuwa ameingia sebuleni kupitia redio, na alikuwa akizungumza mapenzi kwa sauti ya faraghani.

Pumzi ya Dorsey

Frank Sinatra alizaliwa Hoboken, New Jersey, mwaka 1915. Aliajiriwa na bendi ya Harry James mwaka 1939, na Januari 1940 akahamia kwa Tommy Dorsey, kwenye kiti alichokuwa amekiacha Jack Leonard. Pale ndipo alipopata chuo chake, na mwalimu wake ilikuwa trombone.

Mwenyewe alisimulia mara nyingi kwamba usiku, akiwa amekaa kwenye kile kiti, alikuwa akiukodolea macho mgongo wa Dorsey ili aone anapumua saa ngapi. Hakuona kitu. Koti halikuinuka. Baadaye akagundua kuwa Dorsey huvuta pumzi kwa siri, kupitia upenyo mdogo pembeni ya mdomo, bila kuukata muziki. Sinatra akaanza mazoezi: kuogelea chini ya maji, kukimbia, kuyajaza mapafu. Matokeo yake alianza kuimba mistari miwili au mitatu kwa pumzi moja, pale ambapo wenzake walikatiza kila mstari.

Hapa tusidhani ni suala la mapafu tu. Anayesoma Qur'ani anajua maana ya waqfu: ukisimama mahali pasipostahili, maneno ni yaleyale lakini maana imevunjika. Wimbo nao una waqfu wake. Waimbaji wengi wa bendi walipumua pale ambapo mdundo uliwaruhusu, hata kama ni katikati ya wazo. Sinatra alipumua pale ambapo mtu anayezungumza angepumua. Sikiliza "I'll Never Smile Again", aliyoirekodi na Dorsey na kundi la Pied Pipers mwaka 1940. Mwendo ni wa taratibu kiasi cha kutisha, na sauti haikatiki mpaka wazo limekamilika. Julai mwaka huo, jarida la Billboard lilipochapisha orodha yake ya kwanza ya santuri zinazouzwa zaidi nchini, wimbo huo ndio ulioshika namba 1. Kikaratasi cha katikati kiliendelea kuandika jina la Dorsey kwa herufi kubwa.

Mgomo

Sasa tunafika kwenye kiini, na ni sehemu inayonisikitisha kila ninapoisoma upya.

Kufikia mwanzo wa miaka ya 1940, Marekani ilikuwa na laki kadhaa za juk-boksi, zile mashine za baa unazozitumbukizia sarafu zikakupigia santuri. Vituo vya redio navyo vilipiga santuri badala ya kuajiri bendi. Mpiga trombone alilipwa mara moja siku ya kurekodi, basi. Baada ya hapo santuri yake ilikwenda kumnyang'anya kazi yeye mwenyewe katika baa aliyokuwa akipiga kila Jumamosi. James Petrillo, aliyewahi kuwa mpiga tarumbeta huko Chicago na sasa ni rais wa chama cha wanamuziki cha nchi nzima, akaamua kwamba yatosha. Kuanzia Agosti 1, 1942, hakuna mwanachama aliyeruhusiwa kurekodi mpaka kampuni za santuri zikubali kulipa mrabaha kwa mfuko wa chama.

Dai lile lilikuwa la haki kabisa. Lakini lilikuwa na tundu moja: waimbaji hawakuhesabiwa kuwa wanamuziki. Hawakuwa wanachama. Wangeweza kuingia studioni wakati wapiga vyombo wote wamekaa nje.

Kampuni zikalitumia tundu hilo. Columbia ilimchukua Sinatra, ambaye Septemba 1942 alikuwa ameachana na Dorsey kwa mkataba mzito uliompa bosi wake wa zamani theluthi moja ya mapato yake ya baadaye, na katikati ya mwaka 1943 ikamrekodi akiimba na kwaya tupu. Pale ilipopaswa kulia tarumbeta, watu waliimba "uuu". Santuri hizo zina upweke fulani. Unaweza kulisikia pengo la bendi kama unavyoona alama ya picha iliyoondolewa ukutani.

Lakini kilichofanyika zaidi ya hapo kinaeleza kila kitu. Mwaka 1939, akiwa bado kwa Harry James, Sinatra alirekodi "All or Nothing at All". Santuri ilitoka kwa jina la James, na ikauzwa elfu chache tu, watu wakaisahau. Mwaka 1943, kampuni ikiwa haina muziki mpya wa kuuza, iliifungua kabati, ikautoa wimbo uleule, sauti ileile, tarumbeta ileile, ikabadilisha ukubwa wa majina. Safari hii Sinatra akawa juu. Mauzo yakafikia nakala milioni. Hakuna noti ya muziki hata moja iliyobadilishwa.

Decca ilikubali kulipa Septemba 1943. Columbia na RCA Victor zilisubiri hadi Novemba 1944. Chama kilishinda: mfuko ulianzishwa, fedha zikaingia. Lakini kwa miaka miwili na zaidi umma ulikuwa umefundishwa kwamba santuri ni sauti ya mtu, na kwamba bendi ni kitu kinachoweza kukosekana.

Vita vikamalizia kilichobaki. Wapiga vyombo waliingizwa jeshini. Glenn Miller mwenyewe alipotea na ndege juu ya mlango bahari wa Uingereza Desemba 1944. Petroli na matairi vikawa vya mgao, na bendi ya watu 17 haisafiri kwa miguu. Mwaka 1944 serikali iliweka kodi ya starehe ya asilimia 30, kisha ikashuka hadi 20, kwa kumbi zilizoruhusu dansi, na wenye kumbi wengi wakaona heri kuondoa uwanja wa kuchezea na kuongeza meza. Kwenye meza watu hukaa, na waliokaa wanataka mtu wa kumtazama. Karibu na Desemba 1946, ndani ya wiki chache tu, Goodman, James, Dorsey, Woody Herman na wengine wakazivunja bendi zao. Baadhi walizirudisha baadaye, lakini mpangilio wa zamani haukurudi.

Nyimbo zilikuwa za nani?

Swali linaloulizwa mara kwa mara: kwa nini waimbaji hawa wote wanaimba nyimbo zilezile? Jibu ni kwamba hawakuzitunga. Zilitungwa na watu wa maigizo ya Broadway na sinema za Hollywood: Jerome Kern, Irving Berlin, ndugu wawili George na Ira Gershwin, Cole Porter, Richard Rodgers na Lorenz Hart, Harold Arlen. Nyingi zina umbo moja la vipimo 32, yaani mafungu mafupi ya midundo: wazo linaimbwa, linarudiwa, linakuja wazo la pili linalogeuza mambo, kisha la kwanza linarejea kufunga. Kwa kuwa umbo ni fupi na imara, kila mwimbaji aliweza kuubeba wimbo akaukata kwa kipimo chake, kama fundi mshonaji anayepewa jora lilelile. Nyimbo zilizodumu katika mikono mingi namna hiyo ndizo zinazoitwa standadi.

Kiuchumi, jambo hili lina uzito ambao wapenzi wa Sinatra husahau. Redio za kawaida za Marekani, mpaka leo, zikipiga wimbo humlipa mtunzi. Mwimbaji hapati kitu. Ndiyo maana wale waliokuwa wajanja walikimbilia kumiliki: Crosby aliweka fedha katika kampuni ya Ampex iliyotengeneza mashine za kurekodia kwa utepe wa sumaku, na Sinatra akaanzisha kampuni yake ya santuri, Reprise, mwaka 1960.

Nani aliruhusiwa kuimba mapenzi?

Kama maiki ilimwingiza mwimbaji chumbani mwa msikilizaji, basi rangi ya mwimbaji lazima ingeleta ugomvi katika Marekani ya ubaguzi. Ilileta.

Wanaume weusi walitarajiwa waimbe bluzi, au vichekesho. Herb Jeffries alipoimba "Flamingo" na Duke Ellington mwishoni mwa 1940, ilikuwa moja ya mara chache sauti ya namna hiyo kupewa wimbo wa mahaba matupu. Kisha akaja Billy Eckstine wa Pittsburgh, mwenye sauti nzito iliyojaa kama kengele kubwa. Aliimba katika bendi ya Earl Hines, kisha mwaka 1944 akaunda yake, na katika bendi hiyo walipita Dizzy Gillespie, Charlie Parker, Art Blakey, kijana Miles Davis na Sarah Vaughan. Bendi haikudumu zaidi ya 1947, lakini Eckstine mwenyewe alisaini na kampuni ya santuri ya MGM na kufikia mwaka 1950 alikuwa akijaza kumbi wasichana wa rangi zote.

Aprili 1950 jarida la Life lilichapisha picha. Eckstine ametoka kwenye onyesho, amezungukwa na wasichana weupe wanaocheka, mmoja ameegemeza kichwa kifuani pake. Hakuna zaidi ya hapo. Ukiitazama leo unaona furaha tupu. Barua za hasira zilimiminika, na milango ya redio na sinema aliyokuwa akiikaribia ikafungwa mmoja baada ya mwingine. Kwangu mimi, hakuna mwimbaji wa zama zile aliyedhulumiwa nafasi yake katika historia kama yeye, na kila anayempenda Sinatra anapaswa kumsikiliza Eckstine kabla hajasema nani alikuwa mkubwa.

Nat King Cole alipita njia tofauti. Alizaliwa Montgomery, Alabama, mwaka 1919, akakulia Chicago, na jina alilijenga kwanza kama mpiga piano wa kundi la watu watatu. Sauti yake ilikuwa na mkwaruzo mdogo, na matamshi safi hata asiyejua Kiingereza vizuri anashika maneno. Kampuni ya Capitol iliuza santuri zake kwa wingi hadi jengo lake la duara la Hollywood likabandikwa jina la nyumba aliyoijenga Nat. Hata hivyo alipohamia mtaa wa Hancock Park, Los Angeles, mwaka 1948, majirani weupe walijiunga kumzuia. Aprili 10, 1956, akiwa jukwaani Birmingham, katika jimbo alikozaliwa, wanaume weupe walirukia jukwaa na kumwangusha chini. 

Novemba mwaka huohuo NBC ilimpa kipindi chake cha televisheni. Harry Belafonte, Ella Fitzgerald, Tony Bennett na wengine walikuja kuimba kwa malipo madogo ili kipindi kisife. Kilipendwa, lakini hakuna kampuni kubwa ya kitaifa iliyothubutu kukidhamini, kwa hofu ya wateja wa kusini. Cole alikifunga Desemba 1957, akasema kuwa Madison Avenue, mtaa wa watu wa matangazo, inaogopa giza.

Bendi inarudi, lakini wapi

Wakati huo muziki wa rok tayari umewachukua vijana. Kilichowaokoa waimbaji wa standadi ni santuri ndefu, iliyoletwa na Columbia mwaka 1948. Dakika tatu zikawa zaidi ya 40, na mtu mzima aliyerudi nyumbani jioni angeweza kukaa na hali moja ya moyo kwa upande mzima. Mwaka 1955 Sinatra, akiwa Capitol na mpangaji wa muziki Nelson Riddle, alitoa "In the Wee Small Hours": nyimbo 16 za mtu aliyeachwa, zote za polepole, hakuna hata moja ya kuchezea. Kile kilichokatazwa kwenye jukwaa la dansi, kusita na kunyamaza, sasa kilikuwa ndio ufundi wenyewe.

Mapema mwaka 1966, katika hoteli ya Sands, Las Vegas, Sinatra alirekodi onyesho na bendi ya Count Basie, bendi kamili ya zama zile, saksafoni, tarumbeta, trombone na zote, ikiongozwa na Quincy Jones aliyeipanga miziki yake. Watu walikuwa wamekaa kwenye meza. Kwenye jalada jina la kwanza ni Sinatra. La Basie linafuata, baada ya neno "na".